Nianze na kijana au niwaite wote?

mshauri_ujiji: Wakuu, nina kijana wa miaka 19 ninayempa ushauri nasaha (mengine nimeyabadilisha). Anagoma kula siku za mbalamwezi, baba anapoacha kuvua dagaa na kushinda nyumbani. Peke yake ananisimulia hadi ndoto. Familia ikija, kabla ya kujibu anamtazama mama. Nichimbe utoto wake, au niwaite wote?

dagaa_kibirizi: Apimwe vidonda vya tumbo kwanza.

bibi_gungu: Apimwe, ndiyo. Ila vidonda gani hivyo vinavyofuata mwezi? Mwanangu, fanya yote mawili. Nathan Ackerman alikuwa mtaalamu wa saikoanalisia, ile tiba ya kuchimba utoto na ndoto za mtu akiwa peke yake, kabla ya kuanza kuketi na familia nzima. Murray Bowen, naye mtaalamu wa tiba ya familia, angeona pembetatu hapo: wazazi wana lao, mtoto ndiye kabebeshwa. Chora ukoo, vizazi vitatu, uone nani mwingine aliwahi kunyamaza. Na hizo ndoto zibaki zenu wawili, usije ukazimwaga mbele ya baba!

mshauri_ujiji: Shikamoo bibi. Nimechora. Babu alizama ziwani, baba akiwa na miaka 19.

bibi_gungu: Marahaba. Basi kikao kijacho muulize baba habari za baba yake, kijana akiwepo.