Sosi ya ukwaju yenye lebo ya chungwa: Lea & Perrins wanaweza kutuzuia?

Jiko_la_Soweto (Moshi)
Wakuu, tunatengeneza sosi: ukwaju, siki, molasi, kitunguu saumu, dagaa waliochachushwa. Chupa nyembamba ya mililita 150, lebo ya chungwa, jina "Kili Worcestershire Sauce". Supamaketi moja ya Arusha imekataa kuipanga, eti inafanana mno na ile sosi ya Kiingereza, Lea & Perrins. Jina la biashara tulishasajili BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara. Halitulindi?

LeboSafi
Halikulindi, mkuu. Jina la biashara linasema nani anafanya biashara, basi. Kinacholinda bidhaa ni alama ya biashara, ombi jingine kabisa, ingawa ofisi ni ileile.

Kuhusu Waingereza: "Worcestershire sauce" si mali ya Lea & Perrins. Mahakama ya kwao ilikataa kuwaachia peke yao mwaka 1876, na kampuni nyingine huko hulitumia hadi leo. Mali yao ni jina "Lea & Perrins" na sura ya ile chupa. Chungwa tupu si kosa. Ila chungwa, shingo ndefu, sosi ileile, rafu ileile? Mtu mwenye haraka atabeba yenu akidhani ni ile. Msizilinganishe mkiwa mmeziweka zote mbili mezani. Mnunuzi huwa na moja mkononi na nyingine kichwani. Na msitegemee kwamba labda hawajasajili Tanzania: Mkataba wa Paris (wa kimataifa, kuhusu alama na uvumbuzi), kifungu cha 6bis, unalinda alama mashuhuri hata hivyo. Mwenye duka ana haki ya kuogopa, maana mzigo hukamatwa rafuni kwake.

Mama Daftari
Nyongeza ya usajili. Ingia ORS, mfumo wa usajili wa mtandaoni wa BRELA, kwa namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), tafuta kwanza majina yanayokaribiana, hata kwa matamshi. Bidhaa hupangwa kwa madaraja; sosi ni daraja la 30. Mkija kuongeza jemu hilo ni la 29, ombi lake peke yake. Ombi likipita hutangazwa kwenye jarida, na yeyote ana siku 60 za kuweka pingamizi. Usajili ni miaka 7, kisha unahuisha kila baada ya miaka 10. Zanzibar haimo humo, kule wakala wa usajili ni BPRA.

Kosa ninaloliona sana: ombi linaingia kwa jina la kijana aliyechora lebo. Alama inakuwa yake.

Jiko_la_Soweto (Moshi)
Tukibadili lebo iwe kijani na tubaki na "Kili"?

LeboSafi
Kijani sawa, badilini na chupa. "Kili" ni dhaifu: mlima ni wa wote, na Kilimanjaro tayari iko kwenye bia na kwenye maji ya hapohapo Moshi. Tungeni neno lisiloelezea kitu, liwe kubwa. "Worcestershire sauce" ishuke chini kwa herufi ndogo kama maelezo, maana hilo msajili hatawapa. Kusema kweli, mteja wa soko la Mbuyuni hata kulitamka hawezi. Na andikeni "ina samaki" kwenye viambato kabla hamjachapa lebo mpya.