Bendi kongwe za rock zinatufanya mabwege: albamu moja kila miaka saba?

Wakuu, niko Arusha, mji wa hip hop, ambako ukisema unasikiliza rock watu wanakuuliza kama uko sawa. Sisi wachache tunajuana. Leo nimechoka kuvumilia.

Chukua Metallica. Kati ya 1983 na 1991 walitoa albamu tano. Tano! Tena 1986 walimpoteza mpiga besi wao, Cliff Burton, kwenye ajali ya basi kule Sweden, na bado 1988 albamu ikatoka. Sasa hivi wana studio yao wenyewe na hela za kumwaga, lakini angalia: 2008, halafu 2016, halafu 2023. Mtoto aliyezaliwa 2008 kakua mpaka sekondari, kashuhudia albamu mbili tu.

Najua mtasema kazi nzuri haitaki haraka. Haya, Guns N' Roses walikaa toka 1991 hadi 2008 bila albamu mpya ya nyimbo zao. Miaka 17! Kuweni wakweli, mkijifungia ndani mnasikiliza ipi, za 1991 au ile ya 2008? Rolling Stones nao, albamu ya nyimbo zao mpya 2005, kisha nyingine mpaka 2023 (ile ya 2016 ilikuwa blues za watu wengine). Mpiga ngoma wao, Charlie Watts, akafariki 2021, hakuiona ikitoka.

Eti wako kwenye ziara, hela iko kwenye tiketi. Sawa, lakini hiyo "ziara ya dunia" inaishia wapi? Afrika wakija, sana sana ni Afrika Kusini. Mimi wa Sakina, hapa Arusha, nipande ndege KIA niende Johannesburg kwa mshahara gani? Albamu ndiyo kitu pekee ninachokipata siku moja na mtu wa London, kwa bando langu. Wakiibania, mimi sina bendi.

Badala yake tunapashiwa kiporo: albamu ya zamani inasafishwa sauti, inaongezewa rekodi za mazoezini, inauzwa upya kwa bei ya kukomoa. Huo ni wizi wa mchana.

AC/DC siwagusi. Mpiga gitaa wao, Malcolm Young, alifariki 2017, na 2020 wakatoa kazi.

Ninachotaka ni miaka mitatu, ikizidi sana minne. Na sio lazima watujazie dakika 77 kama ile ya Metallica ya 2023. Master of Puppets yao ya 1986 ina nyimbo nane tu, nani alilalamika?

Povu ruksa. Ila anayekuja na "wale wazee, waacheni wapumzike" aanze kwa kueleza mbona jukwaani wanapiga saa mbili nzima bila kuchoka.