Iron Man alitekwa Vietnam au Afghanistan? Naombeni ushahidi kabla ya Jumamosi

Kalamu Kavu:
Wakuu habari za jioni. Tangu juzi sina usingizi. Nimebishana na jamaa mmoja: mimi nasema Tony Stark, yule bilionea anayevaa vazi la Iron Man, alitekwa Vietnam, yeye kakomaa na Afghanistan. Mwenye ushahidi wa kumfunga mtu mdomo mbele za watu aniwekee hapa. Msiulize sana, nisaidieni tu.

Mzee wa Kijiwe:
Uko sahihi mkuu. Kitabu cha katuni cha Marvel, Tales of Suspense namba 39, mwaka 1963, ndipo Iron Man alipoanzia. Kakanyaga mtego wa bomu msituni Vietnam, akaangukia mikononi mwa mbabe wa huko, Wong-Chu. Vazi lenyewe lilikuwa la kijivu, rangi ya dhahabu ilikuja toleo lililofuata. Funga mjadala.

Popo wa Gotham:
Ndiyo shida ya kushabikia Marvel. DC, wapinzani wao wenye Batman na Superman, walipoona hadithi zao zimevurugana, mwaka 1985 walivunja nyumba nzima: Crisis on Infinite Earths, matoleo 12, dunia chungu nzima zikabaki moja. Usafi wa maana.

Mama Mapacha:
Usafi gani? Baada ya hapo si wakamwandika Hawkman, yule shujaa wao mwenye mabawa, upya kana kwamba ndiyo kwanza anatua duniani, na huku watu wameshamwona na kundi la mashujaa la Justice League? Mlifagia mkaacha taka mlangoni.

Sululu:
Mimi nampenda Thor.

Ostadhi wa Mtaa:
Kijana, "kabla ya Jumamosi" ya nini? Hii inanuka kamari.

Kalamu Kavu:
Si kamari Ostadhi. Tumewekeana kidogo tu. Laki nne kwa laki nne.

Ostadhi wa Mtaa:
Laki nne kwa mtu wa kuchorwa! Nimemaliza.

Chuma Chakavu:
Hao wa Marvel ni kama marehemu baba yangu. Kazini alikuwa na miaka 52 kwa karibu miaka saba, huku kanisani kila mtu anajua alizaliwa kabla ya uhuru. Fantastic Four, wale mashujaa wanne wa Marvel, walianza 1961, ila ukisoma leo utaambiwa walipaa anga za juu miaka kumi na kitu iliyopita. Tarehe inaburuzwa nyuma yao kila mwaka ili wasizeeke. Sasa ukiiburuza, Stark hawezi kuwa Vietnam, angekuwa babu wa mkongojo. Ndiyo maana mwaka 2005, kwenye hadithi ya Extremis ya mwandishi Warren Ellis, wakamhamishia Afghanistan. Filamu ya 2008 ilikuta njia imeshachongwa.

Mzee wa Kijiwe:
Kwa hiyo inategemea mlibishania nini. Mliandikiana?

Kalamu Kavu:
Kuandikiana si hoja. Hoja ni kwamba asili ni asili. Huwezi kumwambia mtu hakuzaliwa Tanga kwa sababu siku hizi anaishi Mbeya.

Mama Mapacha:
Mliandikiana au hamkuandikiana?

Kalamu Kavu:
Tuliandikiana. "Iron Man wa kwenye vitabu, kama anavyohesabika hivi sasa." Mwandiko ni wangu, nakubali. Ila hela nimeshaichukua kwa muuza chipsi aliyetushikia. Nne zangu zilikuwa za kikoba, nimezirudisha. Nne zake nimelipia kodi. Na jamaa ni kaka wa mchumba wangu, Jumamosi anakuja na wazee wawili. Mngefanyaje ninyi? Mwenye nyumba alikuwa mlangoni!

Mzee wa Kijiwe:
Duh. Nafuta "funga mjadala".

Chuma Chakavu:
Hata shemeji hajashinda. Mwaka 2019, kwenye vitabu vya History of the Marvel Universe, mwandishi Mark Waid aliweka vita vya Siancong, nchi ya kubuni, vikabeba mambo yote yaliyokuwa Vietnam. Jina lenyewe hawakulitunga siku hiyo, lilishatajwa kwenye Avengers namba 18 mwaka 1965. Hesabu ya sasa ni hiyo. Wote mmepigwa.

Kalamu Kavu:
Kama wote tumepigwa, basi hakuna wa kudai. Hela ikae ilipo.

Mama Mapacha:
Ilipo ni kwa mwenye nyumba wako. Rudisha laki nne za watu.

Sululu:
Subirini kwanza. Nimepitia nyuzi zake. Mwezi wa tatu huyu aliomba ushauri, mkewe kajifungua na hana hela ya bima. Leo ana mchumba na shemeji mtarajiwa? Hii chai, tena ya maziwa.

Popo wa Gotham:
Yule wa mwezi wa tatu ni Kalamu Kavu wa dunia ya pili. DC walilitatua hilo 1961, shujaa wao Flash wa zamani na Flash mpya kila mmoja na dunia yake.

Kalamu Kavu:
Wakuu, ule uzi aliandika binamu yangu. Alikuwa anakaa na simu yangu.

Chuma Chakavu:
Hahaha! Captain America huyo. Mwaka 1964 Marvel wakasema shujaa wao huyo aliganda kwenye barafu tangu 1945. Mashabiki wakauliza, na yule aliyekuwa anapigana na wakomunisti miaka ya hamsini? Mwaka 1972 mwandishi Steve Englehart akajibu: alikuwa mtu mwingine, kavaa tu nguo zake.

Sululu:
Binamu naye ana kikoba?

Kalamu Kavu:
Chekeni tu. Chuma, hiyo Siancong inaandikwa na S moja au mbili? Namtumia shemeji sasa hivi.