Mrejesho: kumbukumbu ya pamoja kwenye bodi ya kupimia unyevu wa korosho

Wakuu, niliuliza kwa nini vipimo kutoka prosesa ndogo vinafika Linux vimeharibika. Sasa vinafika salama. Kerneli (kiini cha Linux) ilikuwa inaligawa kama RAM ya kawaida lile eneo la kumbukumbu ambalo prosesa ndogo huandika vipimo na Linux huvisoma. Nimelitangaza kwenye device tree (faili linaloieleza kerneli vifaa vya bodi), chini ya `reserved-memory`, yaani kumbukumbu iliyotengwa: `reg` yenye anwani ya mwanzo na ukubwa, kisha `no-map`, ili kerneli isiliguse mpaka draiva (programu inayoendesha kifaa) ilifungue yenyewe. Nodi ya kifaa (sehemu yake ndani ya faili hilo) inalirejelea kwa `memory-region`. Aliyeshauri niongeze `reusable` (inayoiruhusu kerneli kulitumia eneo draiva isipolihitaji), hapana ndugu yangu, hiyo haikai pamoja na `no-map`. Na ndani ya `reserved-memory`, `ranges` tupu (yaani anwani zibaki zilivyo) iwepo, msiidharau. Bodi iko ghalani Masasi, inasoma vizuri. Wa Newala aliyekwama kama mimi aseme, nimpe faili.