Hotspot ya MikroTik: vocha moja, wateja wote wanapita

mtaa_wifi
Wakuu, habari. Nimefunga hotspot ya vocha (Wi-Fi ya kulipia) kwa ruta ya MikroTik hAP lite. Intaneti inaingia tundu la ether1, Hotspot Setup nimeiendesha juu ya bridge (inayounganisha matundu mengine na Wi-Fi kuwa mtandao mmoja), anwani 10.5.50.1/24. Walio karibu na hAP lite hawana shida. Mwisho wa uwanja nimeweka ruta ya kawaida ya nyumbani kuongeza mawimbi, inapata waya kutoka ether3. Kule mtu mmoja akiingiza vocha, wengine wote wanapita bure, na Shared Users (wangapi watumie vocha moja kwa wakati mmoja) ni 1. Halafu simu nyingi za Android hazileti ukurasa wa kuingia. Kwenye Walled Garden (orodha ya tovuti zinazofunguka kabla ya kuingiza vocha) nimeruhusu *.google.com na *.gstatic.com tu.

waya_sita
Mkuu, fungua IP > Hotspot > Hosts. Kwa upande ule utakuta MAC (namba ya utambulisho wa kifaa) moja tu, hata wakiwa watu kumi. Waya umeuchomeka tundu la WAN (la kuingizia intaneti), kwa hiyo ile ruta inawaficha wateja wote nyuma ya anwani yake. MikroTik inaona kifaa kimoja kilicholipa, basi. Shared Users haina cha kuhesabu zaidi ya hapo.

Zima kwanza DHCP (kazi ya kugawa anwani) ya ile ruta, ipe anwani 10.5.50.2, ndipo uhamishe waya kwenda tundu la LAN (la vifaa vya ndani). Usibadili mfuatano huo: waya ukitangulia, ruta itaanza kugawa anwani zake hadi kwa wateja wa hAP lite, na watakosa intaneti bila kujua kwa nini. Kwenye IP > Pool (anwani za kugawia wateja) anzia 10.5.50.10, ili .2 asipewe mteja. Mwisho ingia Active (walioingia sasa) na Cookies (wanaokumbukwa), ufute kile kifaa cha zamani.

bibi_ruta
Kuhusu ukurasa, kosa liko kwenye Walled Garden. Android inajipima kwa kugonga connectivitycheck.gstatic.com. Wewe umeifungulia, inajibiwa, simu inaamini intaneti ipo, haina sababu ya kuleta ukurasa. Futa mistari yote miwili. Kwenye karatasi ya vocha chapisha pia 10.5.50.1/login, kwa sababu mteja akianza na tovuti ya https ataona onyo la usalama badala ya ukurasa wako.

mtaa_wifi
Yote yamekubali, asanteni sana. Sasa vocha ya saa 24 nimeweka Limit Uptime 1d. Inatosha?

waya_sita
Haitoshi kama unamaanisha siku moja ya kalenda. Limit Uptime inahesabu muda aliounganika tu. Anayetumia saa mbili kwa siku atakaa nayo siku 12. Ukitaka iishe kesho saa ile ile, unahitaji skripti inayoandika tarehe ya mwisho mteja anapoingia mara ya kwanza. Kabla ya skripti, washa System > NTP Client, inayochukua saa sahihi kutoka intaneti. hAP lite haina betri ya saa: umeme ukikatika inasahau tarehe, na vocha zilizokwisha zinaweza kufufuka.