Ugiriki kwa kundi la marafiki: magofu ya kale na maisha ya kisiwani katika safari moja

Msafiri wa Tanga

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Sisi ni marafiki sita tuliosoma pamoja sekondari, na kwa muda mrefu tumekuwa tukichangia mfuko mmoja kwa ajili ya kusafiri pamoja nje ya Afrika. Tumekubaliana kwenda Ugiriki mwezi wa Septemba kwa siku kumi, na ugumu umeanza tulipokaa kupanga ratiba. Watatu kati yetu wanataka kuona mahekalu na magofu waliyosomeshwa darasani, ambayo wawili wao wanayafundisha hadi leo. Watatu waliobaki raha yao ni kuogelea, kula samaki aliyevuliwa siku hiyo na kukaa barazani jioni bila kutazama saa. Hatutaki kugawanyika, kwa sababu lengo la safari ni kuwa pamoja.

Wakala mmoja wa safari ametuletea ratiba yenye Athens, Mykonos, Paros, Santorini na Crete, vyote ndani ya siku hizo hizo kumi, na bei yake inavutia. Je, ratiba ya namna hiyo inatekelezeka bila kuwachosha watu? Kama haitekelezeki, mngetushauri tuache nini na tubakize nini, ili wapenda historia na wapenda bahari wote warudi wameridhika? Naomba pia maelezo kuhusu viza, kwa kuwa baadhi yetu hawajawahi kuomba viza ya Ulaya, na kuhusu chakula na sala, maana wanne wetu ni Waislamu.

Binti wa Likoni

Kaka wa Tanga, pokea salamu. Nimewahi kwenda huko na wenzangu wa Mombasa, na ushauri wangu ni mmoja: punguzeni visiwa mpaka kibaki kimoja. Ratiba ya wakala inawezekana kwenye karatasi, kwa maana meli zipo na zinaviunganisha visiwa hivyo, lakini kila kuhama kunakula nusu ya siku au zaidi. Mtafungasha, mtakabidhi vyumba asubuhi, mtangojea meli bandarini juani, mtasafiri, kisha mtatafuta usafiri wa kuwafikisha hotelini na kungojea vyumba visafishwe. Watu sita huhama polepole kuliko mmoja, kwa hiyo hasara huwa kubwa zaidi, na wanaoumia kwanza ni wale wapenda baraza, ambao hawatapata hata jioni mbili mfululizo mahali pamoja.

Mimi ningechagua Naxos. Ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote katika funguvisiwa la Cyclades, na wenyeji wake hawaishi kwa utalii peke yake: wanalima viazi vinavyosifiwa Ugiriki nzima, wanafuga, na wanatengeneza jibini ya graviera ambayo mtaikuta karibu kila meza. Meli inapokaribia bandari mtauona Portara, mlango wa marumaru wenye kimo cha mita 6 hivi, uliosimama peke yake juu ya kisiwa kidogo kilichounganishwa na mji kwa njia ya mawe. Ni mabaki ya hekalu lililoanza kujengwa karibu mwaka 530 K.K. chini ya mtawala Lygdamis na halikumalizika. Kati ya mashamba ya ndani ya kisiwa, karibu na kijiji cha Sangri, lipo hekalu la Demeter, mungu wa kike wa kilimo, la marumaru nyeupe, ambalo baadaye liligeuzwa kanisa na katika zama zetu limesimamishwa upya kwa sehemu. Kaskazini, huko Apollonas, iko sanamu ya mwanamume yenye urefu wa zaidi ya mita 10, ambayo wachongaji waliiacha ikiwa imelala kwenye machimbo yake zaidi ya miaka 2,500 iliyopita, na unaweza kuikaribia mpaka ukaziona alama za zana walizotumia.

Wapenda bahari nao hawatapungukiwa. Fukwe za Agios Prokopios, Agia Anna na Plaka zimefuatana kusini mwa mji, mchanga wake ni mzuri, na basi la kawaida linawafikisha. Wakichoka na bahari, kuna vijiji vya milimani kama Halki na Apeiranthos, ambako njia zimetandikwa marumaru na wazee hukaa nje ya mgahawa mchana kutwa. Mkigawana asubuhi, baadhi hekaluni na wengine ufuoni, mtakutana chakula cha mchana bila mtu kuhisi kwamba ameachwa. Mimi ningelala usiku mitatu Athens, mitano Naxos, na wa mwisho Athens tena.

Katika siku za Athens, tengeni moja kwa ajili ya Delphi. Ni kilomita 180 hivi kwa barabara, na mtu huweza kwenda na kurudi siku moja. Mahali penyewe pako ubavuni mwa mlima Parnassus, juu ya bonde la mizeituni linaloteremka hadi baharini, na hapo ndipo wafalme na miji ilipotuma wajumbe kumwuliza kuhani wa kike wa mungu Apollo kabla ya kuingia vitani au kuanzisha makoloni. Hata rafiki zenu wasiojali historia watalipenda bonde lile.

Mwalimu wa Morogoro

Naungana na dada wa Likoni kuhusu Naxos, ila nawasihi msikose Delos. Katika msimu wa kiangazi boti za watalii hutoka Naxos asubuhi kwenda Delos, na nyingi hupitia pia Mykonos kabla ya kurudi jioni, kwa hiyo hata yule rafiki anayetaka kuweza kusema kwamba amefika Mykonos atapata saa chache za kuzunguka vichochoro vyake.

Delos ni kisiwa kidogo kikavu, na Wagiriki waliamini kwamba miungu Apollo na Artemi walizaliwa hapo. Kwa sababu ya utakatifu huo, Waathene waliyaondoa makaburi yote mwaka 426 K.K. na kuamuru kwamba asizaliwe wala asife mtu yeyote kisiwani. Hata leo wageni hawaruhusiwi kulala huko. Mwaka 166 K.K. Warumi walikifanya kuwa bandari isiyotoza ushuru, na katika muda mfupi kikajaa wafanyabiashara kutoka Italia, Shamu na Misri, kila kundi likijenga mahali pake pa ibada. Utajiri wao mnauona hadi sasa katika nyumba zenye ua wa nguzo na sakafu za mawe madogo ya rangi, ikiwemo ile ya Dionisi, mungu wa mvinyo, akiwa amempanda chui.

Biashara iliyoutajirisha mji huo ilikuwa pia ya watumwa. Mwanajiografia Strabo aliandika kwamba Delos iliweza kupokea na kusafirisha makumi ya maelfu ya watu kwa siku moja. Sisi tuliokua tukipelekwa Bagamoyo na Mkunazini na walimu wetu tunajua kusimama kimya mahali pa namna hiyo, na ningependa kundi lenu lifanye hivyo pale sokoni, kwa sababu waongozaji wengi huzungumzia sanamu za simba za marumaru zilizoko huko na kupita upesi. Mwaka 88 K.K. majeshi ya Mithridates, mfalme aliyekuwa akipigana na Warumi, yaliushambulia mji huo, nao haukurudia hali yake ya awali.

Kuhusu Santorini, najua kuna atakayesikitika. Hazina yake ya kale ni Akrotiri, mji uliofunikwa na majivu ya volkano zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, ambao Spyridon Marinatos alianza kuufukua mwaka 1967. Lakini michoro kadhaa ya ukutani iliyo mizuri kuliko yote ya mji huo, kama ule wa watoto wanaopigana ngumi, iko katika Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia jijini Athens. Humo mtaona pia mtambo wa Antikythera, chombo cha shaba cha magurudumu yenye meno kilichotumika kukokotoa mienendo ya jua na mwezi, kilichopatikana katika meli iliyozama na kutolewa baharini mwaka 1901. Ningewapa makumbusho hayo asubuhi nzima, na sidhani kama ni nyingi.

Mpemba wa Athens

Mimi naishi Athens, nami nitasema machache kuhusu mambo yanayowakwamisha wageni.

La kwanza ni upepo. Kiangazi huvuma upepo wa kaskazini uitwao meltemi, ambao huwa mkali zaidi Julai na Agosti na hupungua Septemba, ingawa haukomi. Ukizidi, mamlaka za bandari huzuia vyombo kuondoka, na boti za kasi husimamishwa mapema kuliko meli kubwa. Kwa hiyo pandeni meli kubwa ya kawaida kutoka Piraeus, bandari ya Athens, ambayo huchukua saa tano au zaidi kidogo hadi Naxos na ina sitaha ya wazi ya kukaa. Meli ikifutwa kwa sababu ya hali ya hewa mnarudishiwa nauli au mnabadilishiwa tarehe, lakini hakuna atakayewalipa ndege mliyoikosa. Usiku wa mwisho aliousema dada kuulala Athens ni wa lazima. Malango ya Piraeus ni mengi na yameachana sana, basi hakikisheni namba ya lango usiku uliotangulia. Treni ya chini ya ardhi hutoka uwanja wa ndege hadi bandarini bila kubadilisha.

La pili ni Acropolis, kilima chenye mahekalu ya kale katikati ya jiji. Tangu Septemba 2023 wageni hawazidi 20,000 kwa siku, na kila tiketi ina saa yake ya kuingia, kwa hiyo nunueni mapema kwenye tovuti rasmi ya serikali. Tangu Aprili 2025 bei ni yuro 30 kwa mtu mzima. Chagueni saa mbili asubuhi, kwa kuwa juu pale hakuna kivuli, na katika mawimbi ya joto ya miaka ya karibuni lango limewahi kufungwa saa za mchana.

Kuhusu ibada, msikiti rasmi wa kwanza wa Athens katika zama hizi ulifunguliwa Novemba 2020 katika eneo la Votanikos. Chakula cha halali kinapatikana katikati ya jiji, katika mitaa wanayoishi Wapakistani, Wabangladeshi na Waarabu. Naxos msitarajie nyama ya halali, lakini samaki, pweza, dengu, mboga na jibini vitawatosha, ila ulizeni kila mara kama chakula kimepikwa kwa mvinyo.

Mhasibu wa Nairobi

Viza mnayohitaji ni ya Schengen, yaani viza moja ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, na kwa kuwa mtakaa Ugiriki peke yake, maombi yanapelekwa kwa Ugiriki. Kila mtu anaomba kivyake na kutoa alama za vidole, hata kama ratiba ni moja. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi ombi likikataliwa. Bima ya safari lazima ifikie angalau yuro 30,000 za matibabu. Dirisha la maombi hufunguliwa miezi sita kabla ya safari, nanyi msingoje mwezi wa mwisho. Taarifa za benki ziwe za mtu mwenyewe, zenye mwendo wa kawaida wa miezi kadhaa. Kama fedha zenu zimelala katika mfuko wa pamoja, kila mmoja aambatanishe barua inayoeleza mfuko huo na mchango wake, kwa sababu kiasi kikubwa kinachoingia akauntini ghafla huzua maswali. Pia kubalianeni mapema, kwa maandishi, nini kitafanyika iwapo mmoja atanyimwa viza. Urafiki mwingi umetikiswa na jambo hilo.

Msafiri wa Tanga

Nawashukuru sana. Nimewasomea wenzangu majibu haya jana, na tumekubaliana kuiacha ratiba ya wakala na kwenda Athens, Delphi, Naxos na Delos. Limebaki swali moja. Mwenzetu mmoja ana maumivu ya magoti, anatembea vizuri kwenye tambarare lakini ngazi zinamtesa. Je, atashiriki wapi na atangoje wapi?

Mpemba wa Athens

Acropolis kuna lifti kwa watu wenye ulemavu na wasioweza kupanda, nayo hupelekea njia za saruji juu ya kilima. Ulizeni utaratibu wake kabla ya siku yenyewe, kwa sababu upepo mkali huisimamisha. Makumbusho ya Acropolis yaliyo chini ya kilima yana lifti na sakafu nzuri, na kutoka ghorofa ya juu anaiona Parthenon, hekalu kuu la kilimani, kupitia vioo. Delphi ni mteremko mtupu, hivyo aingie makumbusho ya pale, yenye sanamu ya shaba ya mwendesha gari la farasi, kisha apande taratibu hadi hekalu la Apollo tu, aache ukumbi wa maonyesho na uwanja wa michezo ulio juu zaidi. Delos ardhi ni ya mawe na haina kivuli, ila eneo la karibu na gati na soko si la kupanda sana. Naxos hana tatizo kubwa: hekalu la Demeter linafikika kwa njia fupi kutoka mahali gari linapoegeshwa, na ufuo wa Agios Prokopios uko karibu na kituo cha basi. Achukue mkongojo wa kukunja kutoka nyumbani, maana dukani huko bei zake ni kubwa.