Leza ya eksima (mwanga wa urujuanimno) kwa alopesia areata (upara wa mabaka): dozi zinakwendaje?

Swali: Mabaka mawili ya upara, vipimo vinasema si mapunye. Mwanga wa leza hii, wa nanomita 308, hupigwaje?

Jibu: Mara 2 kwa wiki, siku zisifuatane. Dozi huanza chini ya kiwango kinachobabua ngozi, kisha hupandishwa kwa milijuli 50 (kipimo cha nishati ya mwanga) kwa kila sentimita ya mraba. Wekundu ukidumu zaidi ya saa 48, hupunguzwa. Mafuta na nywele zilizobaki kwenye baka viondolewe, la sivyo mwanga hauifikii ngozi. Miwani ya kukinga macho ni lazima.

Jibu: Mkuu, kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, angalieni joto na maumivu. Baka laweza kuacha weusi. Upara wa kichwa kizima hauitikii vizuri.

Jibu: Na zile kofia za taa nyekundu ni za upara wa kurithi. Msichanganye!